Ukiniuliza Mimi, Nitachagua Rasharasha

Leo nina mada ambayo baadhi yenu mtaicheka, na chekeni tu, ruhusa ipo. Tunazungumzia magemu ya kuendesha treni, na ndani ya magemu hayo nataka tuangalie jambo moja: hali ya hewa. Umekaa mbele ya kompyuta, umechagua kichwa cha treni, umechagua njia. Gemu linakuuliza: jua, mvua, ukungu au theluji? Utabonyeza nini? Na kwa nini?

Kuna mtu hapo ameshaanza kuguna: yaani mtu mzima anakaa saa nzima anaendesha treni ya kwenye skrini, na haendi popote? Ndiyo, ndugu yangu, na tuko wengi. Wajapani walitoa Densha de Go! mwaka 1996. Microsoft wakaja na Train Simulator yao mwaka 2001. Leo kuna Train Sim World ya Waingereza, kuna SimRail ya Wapoland, na kuna Open Rails ambayo hulipii hata senti. Humo hakuna adui wa kupiga risasi wala kombe la kunyanyua. Kuna ratiba, kuna taa, kuna breki, na kuna abiria wasioonekana vizuri ambao ukichelewa dakika mbili unajisikia vibaya utadhani ni watu wa kweli.

Haya, turudi kwenye swali letu. Jua, mvua, ukungu au theluji?

Anayeanza huchagua jua, na simlaumu hata kidogo. Treni haisimami kama gari. Unashika breki hapa, inakuitikia kule mbele. Mtu anayejifunza hilo anastahili anga jeupe na taa inayoonekana kutoka mbali. Akishazoea kidogo, anarukia upande wa pili kabisa: anataka radi. Anataka umeme upasue mawingu na maji yashuke kwenye kioo hadi waipa zishindwe, apige picha awatumie wenzake. Train Sim World 3, iliyotoka mwaka 2022, ilileta hewa inayobadilika yenyewe ukiwa safarini: unaondoka kweupe, mawingu yanajikusanya, ngurumo zinaanza. Inapendeza, sikatai. Lakini mimi radi naichoka upesi, na nitakwambia sababu.

Nina kipimo kimoja. Hali ya hewa nzuri kwenye gemu la treni ni ile inayoubadilisha mkono wako. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: inayoubadilisha mkono, maana jicho linadanganyika kirahisi. Ukiweka mvua kubwa, halafu ukaongeza nguvu vilevile, ukashika breki palepale na ukafika dakika ileile, mvua hiyo imekusaidia nini? Umebadilisha picha tu. Kwa kipimo hicho, msikilizaji, ukiniuliza mimi nitachagua rasharasha. Ile mvua ndogo, ya kuudhi, ambayo mtu hajui afungue mwavuli au aache.

Kwa nini rasharasha? Tuanze chini kabisa, pale gurudumu linapokutana na reli. Gurudumu ni chuma, na reli ni chuma. Sehemu inayogusana haizidi ukubwa wa sarafu. Treni nzima, pamoja na mizigo na watu wake, imekalia vipande vidogo hivyo vya chuma juu ya chuma. Siku ya ukavu hilo halina shida. Chukua kichwa chenye uzito wa tani 100. Reli ikiwa kavu, kinaweza kuvuta kwa nguvu ya tani 30 hivi kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure. Reli ikilowa, nguvu hiyo inashuka hadi 15 au 20. Na kama juu ya reli kuna majani ya miti yaliyosagwa na magurudumu yaliyotangulia, inaweza kushuka chini ya 5. Kichwa ni kilekile, mafuta yaleyale, dereva yuleyule. Kilichobadilika ni utando mwembamba sana juu ya chuma.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu anadhani mvua kubwa ndiyo mbaya zaidi, na ndogo ina nafuu. Muulize dereva yeyote wa bodaboda. Atakwambia matone ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo yanayoangusha watu, kwa sababu yanachanganyika na vumbi na oili barabarani. Ikinyesha sawasawa, barabara inasafishika. Reli nayo ndivyo ilivyo. Rasharasha inalainisha kutu na uchafu bila kuuosha, ukawa ujiuji unaoteleza. Mvua kubwa huuondoa ujiuji huo. Kwa hiyo radi yako yenye kelele inaweza kukupa reli nzuri kuliko manyunyu ya alfajiri. Umeona sasa?

Nikupeleke mahali. Kaskazini ya Uingereza kuna njia ya Settle hadi Carlisle, kilomita 116 hivi, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1876. Ni njia ya milimani, yenye upepo, na mvua huko haihitaji sababu. Ilikuwamo ndani ya Train Simulator ile ya Microsoft ya 2001, pamoja na garimoshi maarufu la Flying Scotsman. Tangu hapo njia hiyo haijawatoka wapenzi wa magemu haya. Ukitoka Settle kwenda kaskazini unaanza kupanda, na unapanda kweli: kwa karibu kilomita 25, sehemu kubwa ya njia inainuka mita 1 kwa kila mita 100. Utaniambia, mita 1 kwa 100 ni mlima huo? Kwa miguu hutauhisi. Kwa treni ya mvuke yenye mabehewa manane nyuma yake, ni kazi ya jasho.

Flying Scotsman ina magurudumu sita makubwa yanayosukumwa na mvuke, kila moja lina kipenyo cha zaidi ya mita mbili. Yanamzidi mtu mrefu. Ni magurudumu ya mbio, yalitengenezwa kwa ajili ya tambarare. Sasa weka rasharasha, panda nayo kilima kile, halafu fungua masikio. Mwanzoni moshi unatoka kwa mpigo wa taratibu: chuf, chuf, chuf. Mshale wa spidi uko pale unapoutaka. Ghafla, bila onyo, chufchufchufchuf! Mpigo umekuwa mbio, lakini nje miti inapita polepole kuliko mwanzo. Magurudumu yanazunguka, treni haiendi. Mgeni hufanya nini hapo? Anaongeza mvuke, na kwa kufanya hivyo anazidisha kuteleza. Aliyezoea anaukata mvuke mara moja, anasubiri magurudumu yatulie na yaishike reli, anabonyeza kitufe cha mchanga, kisha anaufungua tena kidogo kidogo, huku akisikiliza.

Ndiyo, umenisikia vizuri, mchanga. Vichwa vya treni hubeba mchanga mkavu kwenye masanduku, nao humwagwa kwa bomba mbele ya gurudumu ili lipate pa kushika. Kwenye magemu mengi kitufe chake ni herufi X kwenye kibodi. Siku ya jua unaweza kucheza mwezi mzima usijue kwamba X ipo. Siku ya rasharasha, kidole hakibanduki hapo.

Na hayo ni ya kupanda. Kushuka je? Kushuka ni breki, na breki nayo inategemea sarafu ileile ya chuma. Ukibana sana, magurudumu yanafunga na treni inaendelea kuserereka. Hapa sichekeshi tena. Tarehe 31 Oktoba 2021, karibu na Salisbury, kusini mwa Uingereza, dereva wa treni ya abiria alishika breki akikaribia taa nyekundu. Reli ilikuwa na majani yaliyosagwa, na ilikuwa imelowa. Magurudumu yakateleza, treni ikaipita taa ikagonga treni nyingine pale njia zinapokutana. Abiria walisalimika, wengine kwa majeraha, na dereva mwenyewe aliumia vibaya. Kila vuli Waingereza hupeleka treni maalumu za kuosha reli kwa maji ya nguvu na kumwaga uji wenye mchanga. Watu wasioijua kazi hii hufanya utani wakisikia treni imechelewa kwa sababu ya majani. Aliyewahi kuendesha gemu lenye hesabu nzuri za mshiko wa magurudumu, hacheki.

Basi kwangu rasharasha ni ya kwanza. Ya pili ni nini? Ya pili ni ukungu, na imeikaribia sana ya kwanza.

Rasharasha inashughulisha mkono, ukungu unashughulisha kichwa. Mnaotusikiliza kutoka Timboroa kule Kenya, reli inakopita zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mnajua ninachosema: unanyoosha mkono na vidole huvioni vizuri. Sasa hebu fikiria uko kwenye spidi ya kilomita 120, na taa inayofuata utaiona ikiwa imeshafika puani. Je, utasubiri kuiona ndipo ushike breki? Umechelewa. Hapo lazima ujue njia kwa moyo: baada ya daraja hili kuna kona, baada ya kona kuna handaki, likiisha handaki taa iko kushoto. Uingereza dereva wa kweli haruhusiwi kuendesha peke yake njia asiyojifunza na kuitia saini kwamba anaijua. Ndani ya gemu hakuna anayekudai saini. Ukungu ndio unaokudai.

Zamani ukungu ulikuwa na watu wake. Mfanyakazi wa reli alisimama karibu na ishara, kwenye baridi, akaweka fataki juu ya reli ishara inaposema simama. Treni ikipita juu yake, pa! Dereva anasikia hata kama haoni. Lakini fataki hazikutosha. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 1952, pale Harrow and Wealdstone karibu na London, palikuwa na ukungu wa vipande vipande. Treni ya haraka iliyosafiri usiku kucha kutoka Perth ilipita ishara za hatari ikaigonga treni ya mtaa iliyosimama stesheni. Kabla watu hawajapumua, treni nyingine iliyotoka London ikayavamia mabaki. Watu 112 walikufa. Ajali ile ilisukuma mbele kazi ya kufunga kifaa cha kumwonya dereva, ambacho mpaka leo utakikuta ndani ya vichwa vya Kiingereza, na ndani ya magemu yake.

Kinafanya kazi hivi. Sumaku imelala katikati ya reli kabla ya taa. Taa ikiwa ya kijani, unasikia kengele, ting! Ikiwa ya tahadhari au nyekundu, honi inalia, na una sekunde chache tu za kubonyeza kitufe, kwa kawaida herufi Q. Ukibonyeza, kiduara kwenye dashibodi kinageuka kuwa na mistari ya njano na nyeusi, kikukumbushe kwamba umeonywa. Usipobonyeza, breki zinajifunga zenyewe. Siku ya jua kifaa hiki kinaudhi, kinakupigia kelele juu ya taa uliyokwisha kuiona. Weka ukungu mzito, na utaisubiri kengele ile kwa hamu. Ting. Unashusha pumzi. Bado kilomita moja na nusu, sikiliza tena.

Nina ushauri hapa kwa wanaocheza. Ukungu usiuweke wa kiwango cha mwisho ambapo skrini inakuwa nyeupe tupu. Huo unachosha macho. Uache uone mataluma machache mbele na kivuli cha nguzo, basi. Na uzime maandishi yote yanayokuambia umbali wa taa inayofuata. Ukiyaacha, unasoma namba tu, na ukungu haukufanyi lolote.

Theluji nitaipitia haraka. Najua hapa nitagombana na watu, maana ukiangalia picha wanazotumiana, nusu ni theluji. Ni nzuri, hasa kwetu ambao tukitaka kuiona karibu inabidi tupande Kilimanjaro. Lakini kwenye magemu mengi theluji ni mvua iliyopakwa rangi nyeupe: mshiko unapungua vilevile kama siku ya maji, basi. Theluji ya kweli ina vituko vyake. Mwaka 1991 British Rail walilaumiwa na kuchekwa sana walipoeleza kwamba theluji ya mwaka huo ilikuwa ya aina nyingine, kavu na laini kama unga. Walikuwa na hoja, kwa sababu ilipenya hadi kwenye mota za umeme. Gemu la kuniharibia mota kwa unga wa theluji bado nalisubiri.

Njia moja tu naivumilia kwa theluji, nayo iko Uswisi: Chur hadi Arosa, imo kwenye Train Sim World. Reli yake ina upana wa mita moja, sawa kabisa na Reli yetu ya Kati ile ya zamani ya kwenda Kigoma, kwa hiyo unaweza kujiona uko nyumbani. Halafu inaanza kupanda, hadi mita 6 kwa kila 100, bila reli ya meno ya kusaidia, kwa magurudumu matupu. Ndani ya kilomita 26 umepanda zaidi ya mita 1,100. Pale theluji ina kazi.

Sasa nirudi kwa jua, maana nililisema haraka mwanzoni na sikulitendea haki. Magemu mengi yanachukulia jua kwamba ni kutokuwapo kwa hali ya hewa. Hakuna mvua, hakuna ukungu, basi endesha. Sisi wa huku tunajua jua ni hali ya hewa kamili, tena kali. Chuma kikipata joto kinarefuka. Reli ya kilomita moja, joto lake likipanda kwa nyuzi 20, ingerefuka sentimita 23 hivi kama ingeachwa huru. Haiachwi huru, imebanwa, na isipotunzwa vizuri inaweza kupinda kando. Ndiyo maana hata Uingereza, kwenye nchi ya sweta, siku za joto kali treni huamriwa kupunguza spidi. Ningependa gemu liniwekee hilo: saa nane mchana, reli inawaka, karatasi ya maagizo inasema kati ya stesheni hii na ile usizidi kilomita 50 kwa saa, na ratiba haijabadilika. Hapo jua lingeubadilisha mkono wangu. Na mafuriko je? Wasafiri wa Reli ya Kati wanajua kipande cha Kilosa hadi Gulwe, jinsi mto unavyokuja kuchukua tuta na reli ikabaki inaning'inia. Hali ya hewa ya namna hiyo watengenezaji wa magemu hawajaigusa, labda kwa sababu wengi wao wanaishi mbali na mito ya Kilosa.

Kuna gemu moja la Kijapani, JR East Train Simulator, ambalo halikupi ruhusa ya kuchagua hewa. Linatumia video halisi iliyorekodiwa kutoka mbele ya treni, kwa hiyo hewa ni ile iliyokuwapo siku ya kurekodi. Kwa mtazamo wangu hilo ni haki kabisa. Dereva wa kweli naye hachagui.

Kabla muda haujanikimbia, kwa anayetaka kujaribu usiku wa leo, fanya hivi. Kama kompyuta yako ni ya kawaida, tafuta Open Rails. Ingia kwenye mipangilio, hakikisha hesabu za kina za mshiko wa magurudumu zimewashwa, maana bila hizo mvua ni mapambo. Chagua njia yenye kilima. Weka majira ya vuli, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua kidogo, si nyingi. Chukua kichwa cha mvuke au dizeli ya zamani isiyo na kompyuta ya kuzuia kuteleza. Mabehewa usizidishe, manane yanatosha. Vaa spika za masikioni, kwa sababu sauti ya magurudumu itakwambia kabla ya mshale.

Ukianza kupanda, fungua nguvu hatua moja, subiri, halafu ya pili. Usiguse ya tatu mpaka behewa la mwisho liwe limetoka stesheni. Magurudumu yakianza kuteleza, usiogope, kata nguvu, mwaga mchanga, anza tena. Na treni ikikushinda kabisa katikati ya kilima, ikasimama, funga breki, pumua, uanze kufikiria utaondokaje hapo na reli imelowa mbele na nyuma. Utakayoyafanya kuanzia dakika hiyo ndiyo nataka uniandikie. Na nyinyi wa theluji, andikeni pia, nitasoma barua zenu hewani hata zile za matusi madogo madogo. Mitambo anafunga mwenzangu, taarifa ya habari inafuata.